Kura ya Nchi Isiyo na Bahari

Kila asubuhi Yasinta Mazengo alitoka kwa shangazi yake, Miyuji, akiwa na dumu la maji mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, kama wenzake wote wa darasa la sita. Wiki ile aliongezewa mzigo wa tatu, nao haukubebeka kwa mikono. Alikuwa nchi.

Mwalimu Restuta alikuwa amegeuza darasa kuwa Umoja wa Mataifa. Jordan, ambaye baba yake anafanya kazi wizarani, alipewa Marekani. Emilia, ambaye mama yake ana shamba la zabibu Makutupora, alipewa China. Waliobaki walipewa nchi ndogo za kubuni. Yasinta alipata nchi isiyo na bahari, yenye mto mmoja tu ambao majirani wa juu waliuziba. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yagawanywe kwa haki.

"Mataifa makubwa yanashindana," mwalimu alieleza. "Hili likijenga reli, lile linaleta mkopo wa bandari. Hili likisema ndiyo, lile linatafuta sababu ya kusema hapana. Kila moja linatafuta marafiki wengi kuliko mwenzake. Sasa nchi ndogo katikati yao ifanye nini? Hilo ndilo nataka mlione wenyewe."

Hoja itakayopata kura thelathini ingesomwa Ijumaa mbele ya wazazi. Baba yake Yasinta, mfugaji wa Bahi, hakuwahi kukanyaga shule ile. Alikuwa amesema kwenye simu kwamba binti yake akiisoma hoja siku hiyo, atakuja. Yasinta aliitaka siku hiyo kuliko kitu chochote.

Jumatatu wakati wa mapumziko Jordan alimfuata na mkebe mpya wa hesabu.

"Chukua. Uwe upande wangu, na watu wangu wote watakupigia kura."

"Sawa," alisema Yasinta.

Jumanne Emilia akaja na kikapu cha zabibu nyeusi zilizoiva vizuri. "Hizi za kwetu. Uwe upande wangu, basi."

"Sawa," alisema Yasinta, na mdomo umeshajaa.

Kwao kumrudisha mtu na zawadi yake ni kumtukana, na Yasinta alijituliza kwamba alikuwa anaonyesha adabu tu. Lakini adabu gani hiyo inayopiga hesabu? Watu wa Jordan walikuwa kumi na wanne, wa Emilia kumi na watano. Ukiongeza nchi ndogo chache zisizo na upande, shughuli imekwisha.

Jumatano, kabla mikono haijanyooshwa, Jordan alisimama kwa majivuno. "Nchi ya Yasinta iko upande wetu. Marekani inaunga mkono!"

"Upande wenu?" Emilia aliruka. "Jana tu amekula zabibu zangu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Jordan akasema kumbe hoja ni ya China, akawaamuru watu wake wakae. Emilia akasema hapana, ni ya Marekani, naye akawakataza wake. Mto wa watu wenye kiu ulipata kura tisa. Yasinta aliinamia dawati, masikio yakiwaka kwa aibu.

"Tutarudia Ijumaa asubuhi," alisema mwalimu. "Mara moja tu."

Alhamisi jioni baba yake, akiamini binti yake atasoma kesho yake, alifika kwa shangazi, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Alimweleza yote bila kuficha hata zabibu moja. Mzee Mazengo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nachunga ng'ombe za Stanley na za Luka," alisema. "Unajua hao hawasalimiani, toka ile kesi ya mpaka."

"Sasa wanakubalije ukae na ng'ombe za wote wawili?"

"Kwa sababu kila mmoja anajua ninazo za mwenzake. Niliwaambia siku ile ile niliyozipokea, mbele ya watu. Stanley aliwahi kunitaka nisizipeleke kisimani za Luka. Nikamjibu, ng'ombe zako nitazitunza, ugomvi wako sitautunza. Alinuna, lakini hakuja kuzichukua." Akamimina maziwa. "Ningewaficha, mwanangu, leo nisingekuwa na hata mkia."

Ijumaa asubuhi Yasinta alisimama mbele ya darasa.

"Jordan, mkebe wako huu hapa. Emilia, zabibu zako nimeshazila, siwezi kuzirudisha. Naomba unisamehe." Watu wakacheka, naye akaendelea. "Niliwadanganya wote wawili. Leo nasema mbele ya wote: nchi yangu inataka urafiki na Marekani, na inataka urafiki na China. Ila hoja hii si ya mmoja wenu. Ni ya watu wangu wasio na maji. Mkigombana, gombaneni kwa mambo yenu."

Jordan alimtazama Emilia, Emilia akamtazama Jordan. Kisha mkono wa Emilia ukapanda polepole, na watu wake wakafuata. Jordan kuona hivyo, akanyoosha wake haraka, asije akaonekana yeye ndiye mnyimaji. Kura zilikuwa thelathini na nane.

"Mmeona?" alisema Mwalimu Restuta. "Hawajapatana hawa, na kesho watashindana tena. Ndivyo dunia ilivyo. Jumatano mashindano yao yalimnyima Yasinta maji. Leo mashindano yale yale yamempa. Kilichobadilika ni Yasinta. Mdogo anayeahidi kila upande kwa siri atachezewa na kila upande. Anayesema wazi anachotaka, wakubwa watalazimika kumsikiliza."

Mchana Yasinta aliisoma hoja yake kwa sauti iliyofika mpaka uwanjani. Wazazi walipiga makofi. Mzee Mazengo, aliyekaa benchi la nyuma na kofia mapajani, aliinuka.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Hao wenye mto, maji wamekubali kuyaachia?"

"Mzee, ni mchezo tu wa darasani," alijibu mwalimu akitabasamu. "Mto wenyewe haupo."

"Haya." Alifikiri kidogo, kisha akamtazama binti yake kwa fahari isiyofichika. "Basi huyu mtunzeni. Siku mto wa kweli ukizibwa, mtamhitaji."