Vipande Vitatu Vinatosha

Flashi ilikuwa ya moto. Haikuwa imechomekwa popote, ilikaa kwenye droo ya stationari ya Lusajo, Tunduma, tangu kabla ya Pasaka, na sasa mchana kweupe ilimuunguza vidole.

Lusajo hakuwa mtu wa kuamini mambo haya, mpaka jini lilipompanda mkewe, Tusekile, akaongea kwa sauti ya kiume siku tatu. Mchungaji alilibana likataja jina lake, likatoka, na simu ilikuwa inarekodi.

"Msiifute," mchungaji alionya. "Likirudi, ni jina hilo litakalolitoa. Ila msilisikilize zima bure. Mtakuwa mmeliita."

Basi Lusajo, fundi wa kompyuta, akaikata rekodi vipande vitano, kila kimoja kwenye flashi yake, na kukifunga kwa nywila. Kimoja peke yake hakisemi kitu. Vitatu vikikutana vinarudisha sauti nzima, ili hata viwili vikiharibika jina lisipotee. Alibaki na kimoja, kingine akampa Agnes, mdogo wa Tusekile, kule Chitete, kingine mzee Hezron wa kanisani, Mbebe, na viwili vikavuka mpaka. Alijiona mjanja kweli kweli.

Leo asubuhi mzee Hezron alimpigia: "Toa chako. Tunakuja tuvichome vyote."

Mzee na Agnes walifika pamoja, wakaweka flashi zao mezani kando ya yake, na harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani, ikawaingia puani, ikawakaa kooni, huku Lusajo akitafuta kiberiti, kwa sababu alimpenda mkewe na aliogopa kumpoteza.

"Fanya haraka, shemeji," Agnes alinong'ona. "Uliponipigia kwamba kipande chako kimeanza kupumua, sikulala."

"Mimi? Sijakupigia. Ni mzee aliyetuita."

Mzee Hezron akaishika meza. "Mwanangu, simu yangu ni mbovu tangu Jumapili. Mimi nimeitwa na Tusekile. Jana jioni alisimama mlangoni kwangu, Mbebe."

"Tusekile hajatoka hapa wiki nzima," Lusajo alisema. "Yuko nyuma, anakata mboga."

Wakasikiliza. Nyuma ya pazia kisu kilikuwa kimenyamaza.

Kisha Tusekile akaanza kutamka jina, polepole, kwa sauti ya kiume, na akalimaliza lote.