Kikosi cha Bibi Mkali

Siku Babu alipofariki, vita vilikuwa vimesimamishwa. Jenerali alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni kama kawaida, akakuta nyumba imejaa watu na kompyuta ya Babu bado inawaka sebuleni. Kwenye kioo, majeshi yalikuwa palepale yalipoachwa jana yake, yakingoja amri.

"Jenerali" halikuwa jina la msichana huyo. Babu ndiye aliyempa alipotimiza miaka tisa, walipoanza kucheza pamoja ule mchezo wa ramani kubwa, wenye falme, bandari na majeshi. Babu alikuwa mpima ardhi mstaafu, na ramani alizipenda kupita kiasi. Yeye alishughulikia barabara na bandari, mjukuu wake akaongoza mapigano. Miaka mitatu walicheza ufalme mmoja tu. Kikosi chao hodari Babu alikiita "Bibi Mkali", kwa sababu hakikuwahi kurudi nyuma.

Bibi alijifanya kukasirikia jina hilo. Hata hivyo kila jioni alipita na kikombe chake cha chai, akauliza, "Kikosi changu kimefika wapi?"

Baada ya mazishi aliendelea kuuliza. Jenerali hakuwa na moyo wa kucheza peke yake, lakini aliufungua mchezo ili Bibi aone. "Kiko juu mlimani, Bibi. Kinapumzika." Bibi alikitazama kidogo, akaenda zake ametulia.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, binamu yake waliyemwita Kipara alimkuta kwenye bomba la maji shuleni.

"Wewe bado unacheza ule mchezo wa kizee? Huna hata nyongeza ya vita?"

"Babu alisema tumalize huu kwanza."

"Wiki hii unaipakua bure! Ina mizinga, ina maghala, ina kila kitu. Au unaogopa, Jenerali wa karatasi?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Alipofika nyumbani aliipakua nyongeza. Mchezo ukamwonya kwa maandishi mekundu: kanuni za jeshi zimebadilika, weka kwanza nakala ya mchezo wako. Alibonyeza "Endelea" kabla hajamaliza kusoma.

Kwa kanuni za zamani, askari walikula popote walipokuwa. Kwa kanuni mpya, kila kikosi kilihitaji ghala la chakula nyuma yake, na njia ya kulifikia. Ufalme wao haukuwa na ghala hata moja. Jenerali, akili yote ikiwa kwenye mizinga, alisogeza miezi miwili mbele. Bibi Mkali akaanza kupungua: askari elfu sita, elfu mbili, mia tatu. Aliposhtuka, mlima ulikuwa mtupu. Na mchezo ulikuwa umekwisha kujihifadhi wenyewe juu ya ule wa zamani. Aliiondoa nyongeza haraka haraka, lakini mchezo uliohifadhiwa ukagoma kabisa kufunguka.

Jioni Bibi alikuja na kikombe chake. "Kikosi changu kimefika wapi?"

"Kompyuta imepata joto, Bibi. Naipumzisha."

Kesho yake akasema umeme haujatulia. Keshokutwa, macho yanamuuma.

"Mke mwenzangu," Bibi alimtania, "hiyo kompyuta inaumwa kuliko magoti yangu."

Jenerali alicheka nusu mdomo.

Ijumaa alimkuta Bibi amekaa sakafuni, anapanga vifaa vya Babu kwenye sanduku: dira, utepe wa kupimia, kopo la bati la misumari.

"Kesho yule kijana wa ofisi ya ardhi anakuja kuvichukua," Bibi alisema. "Bora vifanye kazi." Akaifuta dira kwa ncha ya khanga. "Kila kitu kinaondoka. Nimebaki na kile kikosi tu."

Jenerali akashindwa kujizuia. "Bibi, hakipo."

"Hakipo nini?"

"Kikosi. Nimekiangamiza mimi. Kompyuta haikupata joto lolote. Nilikudanganya." Akamweleza yote, kuanzia Kipara mpaka mlima mtupu, kamasi zikimtoka.

Bibi aliiweka dira chini. "Umelibeba hili peke yako siku ngapi?"

"Nne."

"Nne! Haya, hiyo nakala uliyoambiwa uweke, ndiyo nini?"

"Ni mchezo uleule, unauhifadhi pembeni. Ukiharibu huu, unarudi kwenye ule."

Bibi akainua kichwa. "Babu yako, maisha yake yote kazini, hakugusa ramani kwa kalamu kabla hajachora nakala yake." Akalivuta lile kopo, akachakura kati ya misumari, akatoa flashi iliyobandikwa kipande cha karatasi: *Ufalme, kila Ijumaa*. "Kila Ijumaa alikichomeka hiki kidude. Mimi nikajua anakichaji!"

Jenerali aliichomeka kwenye kompyuta. Ramani ikafunguka. Bibi Mkali alikuwa chini ya mlima, askari elfu sita, wazima wote. Jenerali alishusha pumzi ndefu, akamwegemea Bibi begani.

"Mbona wako chini?" Bibi aliuliza.

"Hii ni Ijumaa ile ya mwisho ya Babu. Watapanda tena."

Bibi alikitazama kikosi chake kwa muda mrefu, akatabasamu. Kisha akamgeukia.

"Sikia, mjukuu wangu. Kukosea, umekosea. Hata Babu yako aliwahi kukosea mpaka wa watu, akaenda mwenyewe kuwaambia, akaupima upya. Lakini ungenificha siku moja tu zaidi, kopo hili lingeondoka, na mimi nisingejua nimetoa nini. Ukiharibu kitu, sema mapema, wakati bado kinatengenezeka."

"Nimekuelewa, Bibi."

Siku hizi kila Ijumaa, vyombo vikishaoshwa, Jenerali huchomeka flashi na kuweka nakala kwanza. Kisha Bibi huvuta kiti cha Babu. Barabara na bandari ni kazi yake.