Tiketi ya Mke wa Teppei

Kimbunga kilipoikaribia Fukuoka, uwanja wa ndege ulijaa watu waliolowa na kununa. Foleni ya dirisha la tiketi ilifika hadi kwenye duka la mikate. Teppei Ebisawa, fundi wa lifti, alikuwa amesimama katikati yake, suruali ya suti imelowa hadi magotini, simu mkononi, kidole tayari kuifuta safari yake mwenyewe. Nyuma yake alisimama Chigusa Kuwabara, kavaa koti la mvua la buluu, nywele kazibana kwa kalamu kwa kuwa kibanio kilikwenda na upepo. Alikiona kile kidole, uvumilivu ukamshinda.

"Kaka, samahani. Tiketi yako ni ya pointi za maili?"

"Ndiyo."

"Basi usifute. Ukifuta wewe, wanakukata ada. Wangoje wafute wao, utarudishiwa maili zako zote."

"Na wasipofuta?"

"Hebu tazama nje."

Nje, mfanyakazi mmoja alikuwa akikimbiza kofia yake uwanjani na kofia ilikuwa inashinda. Saa tano na dakika kumi ubao ukatangaza kwamba hakuna ndege itakayoruka. Teppei alimgeukia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, akasisitiza kumlipia chakula. Walikula tambi nene za udon na mizizi ya gobo ya kukaanga, na Chigusa akamsimulia kwamba anauza mayai ya samaki ya pilipili kwenye ghorofa ya chini ya duka kubwa la mtaa wa Tenjin, na kwamba hulipa kwa kadi hata akinunua kitunguu kimoja, ilimradi maili, zile pointi za shirika la ndege za kununulia tiketi, ziongezeke. Ndege yenyewe alikuwa hajaipanda hata mara tatu. Teppei alicheka mpaka mchuzi ukamwingia puani.

Wakapendana. Mwaka mzima Jumatano, siku ya mapumziko ya Chigusa, ilikuwa siku yao. Teppei aliomba zamu za usiku ili awe huru mchana, na Chigusa alizoea kunawa mikono kwa limau kabla ya kukutana naye, maana harufu ya pilipili na samaki haitoki kwa sabuni. Teppei alikuwa mpole, mchangamfu, na mwoga wa kusema jambo moja tu. Chigusa alilingoja jambo hilo bila haraka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na aliamini linakuja.

Lililokuja ni barua ya uhamisho. Kampuni ilimpa Teppei siku kumi awe Bangkok, kwa miaka mitatu. Hakumwambia Chigusa twende wala tuachane. Alisema wataona mambo yatakavyokwenda. Ila alikuwa na maili nyingi alizopata kwa kutengeneza lifti za visiwani, zilizokuwa zinakwisha muda mwaka huohuo, akataka kumkatia tiketi ya kumfuata.

Kukawa na kikwazo. Maili za mtu hutumiwa na ndugu zake wa karibu tu. Mchumba si ndugu, na yeye hata mchumba hakuwa. Basi Teppei akaijaza fomu ya shirika, na penye uhusiano akaandika mke.

"Sasa wewe ni mke wangu mbele ya shirika la ndege," alimwambia kwa simu kutoka Bangkok.

"Harusi ya bei rahisi hiyo. Hata karamu sijala."

"Utakula huku, mke wangu."

Chigusa alikata simu, akawauzia wateja wanne huku uso umemwiva. Hakuna karatasi nyingine duniani iliyomwita hivyo, naye aliipenda ile fomu kuliko inavyostahili kupendwa fomu.

Safari ilipangwa Januari. Desemba mama yake Chigusa akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Teppei alitaka kufuta, Chigusa akamzuia. Maili zilikuwa zimeshapita muda wake, kwa hiyo wakifuta hazirudi, zinayeyuka. Kusogeza tarehe ni bure, mradi usogeze kabla siku ya safari haijafika na usibadili njia, na mradi mwaka wa tiketi haujaisha, yaani tarehe nane Novemba. Wakasogeza hadi Aprili. Kila jioni Teppei alipiga simu kumwuliza hali ya mama, na kumtania kwamba mke gani huyu anayeonekana kwenye skrini tu.

Machi, Chigusa akiwa amevaa aproni na kofia nyeupe, anamfungia bibi mmoja zawadi, simu ikaleta ujumbe wa shirika: safari yako imehamishiwa Agosti. Teppei alikuwa ameisogeza bila kumwambia. Alieleza baadaye kwamba jengo jipya lilikuwa linafunguliwa Aprili na angekuwa kazini usiku na mchana. Chigusa akamwuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Hakukuwa na mwanamke. Lakini swali lilishatoka, na Teppei akanuna wiki tatu. Naye Chigusa, kwa kisirani, akaisogeza Agosti hadi tarehe saba Novemba, akaliachia shirika limpelekee habari.

Walipatana mwezi wa saba, wakacheka, wakaitana tena mume na mke. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu za kila jioni zikawa za Jumatano, kisha za Jumatano moja moja. Hakuna aliyesema basi. Nadhani kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake afute, ili hasara isiwe yake.

Mama alianza kutembea kwa mkongojo, na wifi yake Chigusa akakubali kubaki naye. Chigusa akaomba likizo ya siku kumi, akanunua gauni la kitani rangi ya majani ya chai. Tarehe sita Novemba, wakati wa chakula cha mchana, alimpigia Teppei akiwa kwenye ngazi za wafanyakazi.

"Teppei, nije kesho?"

"Kiti si kipo?"

"Sikuulizi habari za kiti."

Akasikia drili huko, kisha mlango ukifungwa.

"Hatuwezi kusogeza tena," Teppei alisema. "Mwaka umekwisha."

"Najua. Nikija, nakuja kama nani?"

"Chigusa, mbona unanibana kazini?"

"Sema lolote. Hata ukisema usije."

"Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, iache tu ipite, wala usifute. Ukifuta utalipa ada na hakuna kinachorudi."

Teppei alikuwa ameshapiga hesabu. Chigusa alikaa kwenye ngazi mpaka kengele ya zamu ikalia, akalia kidogo, akanawa uso, akamwomba msimamizi ruhusa ya saa mbili. Huko uwanja wa ndege mhudumu mwenye skafu ya njano alisikiliza, akaisoma skrini, akamshauri kwa upole, kama Chigusa mwenyewe alivyozoea kuwashauri watu, kwamba asipofanya lolote hatadaiwa hata yeni moja.

"Naelewa. Naomba ifutwe."

"Mumeo ana habari?"

"Anayo," alisema Chigusa, akatoa yeni elfu tatu na mia moja kutoka pochi yake.

Alikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi, amerudi nusu ya njia, Teppei alipopiga. Akashuka kituo kisicho chake ili apokee.

"Wameniletea ujumbe. Umefuta?"

"Nimefuta."

"Nilikwambia uiache. Umepoteza ada bure."

"Ndiyo."

Chigusa akangoja aseme lingine lisilo la ada. Treni moja ikaja ikaondoka, kisha nyingine. Ya tatu ilipofika, akakata simu, akapanda.