Aliyesimama Kando ya Timazi

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na fundi wa bunduki ameshafunga dirisha moja la karakana, mgeni alipoingia bila hodi. Mrefu, mkimya, amebeba bunduki ya kuwindia ndani ya blanketi. Aliingia na harufu... fundi akaitambua palepale. Ni ya wodi ile alimomuuguza mkewe hadi mwisho.

"Darubini yake imepinda," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Nataka mstari usimame wima."

"Njoo kesho, ndugu yangu. Macho yangu yameshafunga kazi."

"Nitasubiri."

Fundi hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Tangu mkewe afariki nyumba ilimwelemea, na binti yake alikuwa amejifunza kula bila kuongea. Akaibana bunduki kwenye jiriwa, akaweka pima maji juu yake, akairekebisha hadi kipovu kikatulia katikati. Ng'ambo ya ua, ukutani, lilining'inia timazi lake, uzi mweupe wenye kizito chini wa kupimia wima. Ilibaki kulegeza pete zinazoishika darubini na kuizungusha taratibu, mpaka mstari wa ndani ya kioo ulale juu ya uzi ule.

Akachungulia.

Kando ya uzi alisimama mwanamke, amempa mgongo.

Fundi akainua kichwa. Ua ulikuwa mtupu.

Akachungulia tena. Kitambaa cha kichwa kilifungwa upande, kama mkewe alivyokuwa akifunga akiwa na haraka. Fundi akazungusha darubini kidogo. Kadiri mstari ulivyonyooka, ndivyo mwanamke alivyogeuka. Bega... sikio... shavu.

"Unamwona?" mgeni alinong'ona.

Machozi ya fundi yalikuwa yamelowesha kioo. Akakipangusa haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika.

Sasa mkewe alimtazama usoni. Hakuwa mgonjwa tena, mashavu yamejaa. Lakini alikuwa anatikisa kichwa, na midomo ilirudia neno moja bila sauti.

Usikaze.

Bisibisi ikaganda mkononi mwa fundi.

"Unawinda nani?" aliuliza.

"Waliokufa wakakataa kuondoka. Huyu bado anarudi nyumbani kwako. Hujui?"

Fundi hakujua. Alimtazama mkewe mara ya mwisho, akatazama sana, kisha akaisokota darubini mpaka ikalala upande. Ndani ya kioo ukabaki ukuta.

"Kazi hii siiwezi," alisema, akamrudishia bunduki.

Mgeni hakukasirika. Aliizungushia bunduki blanketi vizuri. "Mafundi ni wengi," alisema, akatoka. Hatua zake hazikusikika.

Siku chache baadaye, fundi mwenzake wa mtaa wa pili alimpitia asubuhi karakanani, anacheka.

"Yule bwana mrefu uliyemkimbiza, mimi nimemnyooshea darubini yake jana jioni. Kazi ndogo kabisa. Ila kakiacha chumba kinanuka hospitali."

Fundi alifika nyumbani anahema. Binti yake alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yake, macho yamevimba, shuka kajifunika mpaka kichwani.

"Baba," alisema taratibu. "Mama alikuwa anakuja. Nikilala tu, anakaa hapa, ananisuka. Asubuhi nilikuwa nafumua usione. Niliogopa utalia."

"Na jana?"

"Jana alikuja. Akaanza kunisuka, mara akasimama, akatazama dirishani. Nikasikia mlio mmoja..."

Akateremsha shuka.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, mistari imenyooka, mafuta bado yanang'aa. Upande wa pili nywele zilikuwa timtim. Na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyejua kusuka.

Dirisha lilikuwa zima, limefungwa.

Fundi akaketi nyuma ya mwanawe. Akazishika nywele zilizobaki, na vidole vyake havikujua pa kuanzia.