Mstari Usio na Duara

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma ya karakana kilinuka rangi na jasho. Mchambuzi alikuwa ameujaza ukuta kwa chaki: visanduku, mishale, njia ndefu kama za wakimbiaji. Kampuni ya simu ilikuwa ikimlipa achore hivyo hivyo jinsi kazi za ghala lake zinavyokwenda, kisha ikamfukuza kama mbwa. Leo alikuwa anaichimbia kaburi.

"Kila mtu na njia yake," alisema. "Kisanduku ni kazi. Mshale unakupeleka kwenye kazi inayofuata. Duara nene ni mwisho. Ukilifikia, umetoka salama."

Nyundo, mbabe wa genge, alipiga miayo. "Kwa bunduki tungeshamaliza."

"Bunduki ni ya wajinga. Tazama." Kidole kikagonga ukuta. "Mpokeaji wa mzigo akishasaini kuwa simu zimefika, si zake tena. Karani wa ghala hajazipokea, si zake bado. Hapa katikati, zamu zikibadilishana, mzigo hauna mwenyewe. Hapa ndipo tunapita."

Dereva wa genge alikuwa anaifuata kwa macho njia ya mdogo wake. Mdogo wake ni kibarua wa ghala lile. Kazi yake leo ni moja: kubonyeza kitufe cha mlango wa chuma. Akikiachia, mlango unashuka.

"Mbona njia ya mdogo wangu haina duara?"

"Chaki imeisha, dada."

"Atatokea wapi?"

"Mlango mdogo wa ofisini. Hauna kufuli."

Mdogo wake, aliyeketi kando yake, akacheka. "Dada bwana! Utanifunga kamba za viatu mpaka lini? Hata mke wangu hanilindi hivyo."

Wakacheka wote. Dereva akachukua ufunguo wa gari.

Saa saba mchana.

Gari liliingia kinyumenyume uani mwa ghala. Mlango wa chuma ukapanda. Wafanyakazi wa zamu moja walikuwa wananawa, wa zamu nyingine hawajavaa makoti. Hakuna aliyeuliza. Nyundo alirusha makatoni ndani kama matofali. Mdogo mtu, kidole kitufeni, akamkonyeza dada yake.

Gari likatoka. Mlango ukashuka.

Dereva alizunguka jengo, akasimama mbele ya mlango mdogo wa ofisi.

"Pita!" alisema Mchambuzi, aliyekaa kiti cha mbele kando yake.

"Namsubiri ndugu yangu."

Kitasa kilizunguka. Kikatikiswa. Mlango ukapigwa mateke kutoka ndani. Haukufunguka. King'ora kikalia.

"Umefungwa," Dereva alisema.

"Zamu zikibadilishana hufungwa." Mchambuzi hakumtazama. "Walinzi wote watamkimbilia yeye, sisi tunapata barabara. Bila hivyo hakuna mpango. Endesha."

Alichomoa leso ajifute jasho. Kipande cha chaki, kirefu, hakijatumika, kikaangukia kitini.

Dereva alikiangalia.

"Kumbe mkono wako hauchori uongo," alisema taratibu. "Mdomo ndio unaodanganya."

"Mwanamke, endesha!" Nyundo alinguruma nyuma, amebanwa na makatoni.

Alizima gari. Akachomoa ufunguo, akautupa mtaroni, maji machafu yakaumeza. Kisha akaokota chaki, akachora duara kwenye dashibodi, mbele ya magoti ya Mchambuzi. Akalirudia, na kulirudia tena, mpaka likawa nene na chaki ikavunjika.

"Haya. Lako hilo."

Akachukua spana ya magurudumu chini ya kiti, akashuka. Walinzi walikuwa wanakuja mbio toka pembeni mwa jengo. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango uliokuwa unapigwa mateke, akainua spana.

"Sogea nyuma, mdogo wangu!" alipiga kelele. "Navunja."