Pijo Iliyokataa Kuwaka

Ijumaa jioni. Bungoma, chumba cha nyuma ya gereji.

Ngige alichora mpango sakafuni kwa chaki, kisha akaufuta kwa kiatu kabla chai haijapoa. Hakuwa mtu wa kurudia neno. Ghala la mahindi, Kitale. Kesho, wafanyakazi wakienda kula. Sefu ina malipo ya wakulima. Kibiwott aliwahi kuwa karani pale kabla hawajamfukuza, na ufunguo wa mlango wa nyuma alibaki nao, na wa sefu pia. Anaingia, anatoa mfuko wa kwanza, anarudi kuchukua wa pili. Ngige anapokea mlangoni. Makokha anakaa na gari uchochoroni, boneti wazi, anajifanya fundi aliyekwama.

"Na mfuko wa pili ukitoka?" Kibiwott aliuliza.

"Tunaishia zetu, Mzee. Wote watatu."

Gari lilikuwa Pijo, pikapu kuukuu yenye kabichi nyuma. Hakuna polisi anayejisumbua kusimamisha takataka kama ile. Makokha aliijua kila nati. Ngige hakujua lolote kuhusu injini, wala hakuona haja. Kwake, mwenye ufunguo ndiye mwenye gari, na ufunguo ulilala mfukoni mwake.

Kibiwott alipotoka kwenda msalani, Ngige alisogea karibu na Makokha. Mzee amechoka, alisema. Akilewa anaropoka. Mfuko wa kwanza unatosha.

"Huo mfuko ukiingia kwa gari, tunamwacha huko ndani. Rispah bado yuko Lugulu, ama?"

Makokha aliitikia kwa kichwa. Mkewe alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni, na kesho jioni angepasuliwa ili mtoto atolewe. Mtoto wao wa kwanza walimzika Kabuchai. Siku ile mvua ilipiga, jamaa wakakimbilia ndani, na Kibiwott peke yake akashika jembe mpaka kaburi likaisha. Sasa Makokha alikuwa amemwahidi Rispah kwamba akifumbua macho atamkuta kando ya kitanda.

"Basi usiniletee maneno," Ngige alisema.

Jumamosi, saa sita na ushei. Kitale.

Mbele ya ghala wakulima walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, gambuti miguuni zimeganda matope, wakingoja haki yao. Makokha hakutaka kuwatazama. Walikuwa watu kama baba yake. Jambazi akianza kuona watu badala ya pesa, amekwisha, na huyu alikuwa amekwisha tangu jana.

Aliinamia injini, Ngige akichunga barabara. Kibiwott alikuja kumuaga Makokha. Walipeana mkono, na mikono ikakawia kuachana. Kisha Mzee akafungua mlango wa chuma, akazama ndani.

Mfuko wa kwanza ulitoka upesi. Ngige aliupokea, akasimama mlangoni kidogo, mgongo wake umeziba kila kitu. Kisha akaja mbio.

"Twende."

"Mzee je?"

"Nimesema twende." Akampa ufunguo.

Makokha alizungusha. Stata ikalia, ikalia, ikalia. Injini haikushika.

"Ni nini?"

"Imekataa."

"Ifanye ikubali."

Makokha alishuka, akamweleza taratibu kama mwalimu wa chekechea. Stata inazunguka, kwa hivyo betri haina neno. Alichomoa paipu kwenye kabureta, petroli ikamlowesha vidole. Mafuta yanafika. Alitoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akamwambia Ngige apige stata. Hakuna cheche. Wakarudia. Hakuna. Ngige alishuka, akauchomoa ufunguo na kuurudisha mfukoni, kwa mazoea tu.

Makokha alisafisha waya kwa shati, akakagua koili, akasafisha waya uleule tena. Jicho moja lilikuwa mlangoni. Ugonjwa wa gari aliujua tangu mwanzo. Alikuwa anavuta muda. Mzee akitoka na mfuko wa pili, Pijo itawaka, na Ngige atafanya nini? Wataenda wote.

Mzee hakutoka.

"Dakika moja," Ngige alisema. Bastola yake ilikuwa ubavuni mwa Makokha.

Ndipo mlango ukagongwa kutoka ndani. Makokha aligeuka. Kwenye komeo la nje kulikuwa na kufuli jipya, linang'aa.

"Umemfungia?"

"Kwani ulidhani nini?"

"Leta ufunguo ya hiyo kufuli."

"Nimeutupa kwa mtaro."

Makokha alirudi kwenye injini. Alifungua kifuniko cha distributa ili Ngige ajionee. Katikati palikuwa patupu. Rota haikuwepo, kile kipande kidogo kinachozunguka kugawia kila plagi moto wake. Wenye magari ya zamani huitoa wakiegesha, wakatembea nayo mfukoni, wezi wasiweze kuliwasha gari. Makokha naye aliitoa kwa sababu ya mwizi.

"Iko kwa mfuko ya Mzee," alisema. "Nilimpa tukisalimiana. Ndio tusimwache."

Ngige alifungua mdomo, lakini uchochoro ulikuwa umeshapata watu. Stata ilikuwa imelia mno. Wakulima walikuja wakiongozwa na mama mmoja mwenye kitambaa kichwani.

"Imekataa, bana?" mama aliuliza. "Si tuwasukumie?"

Mmoja alishaanza kukunja mikono ya shati. Wema ule ulimuuma Makokha kuliko ile bastola, ambayo Ngige alikuwa ameificha chini ya koti. Kisha mlango ukagongwa tena, na sauti ya Kibiwott ikaita. Mama alitazama mlango. Akatazama kufuli. Akatazama mfuko kwapani mwa Ngige, wenye nembo ya ghala.

"Hiyo mfuko ni ya hapa," alisema polepole.

Ngige alitimua mbio. Risasi moja ilienda hewani, na kelele za "Mwizi!" zikajaa uchochoro. Hakufika barabarani. Gambuti zilimfunika.

Upande wa pili ukuta ulikuwa mfupi, na hakuna aliyekuwa akimtazama Makokha. Aliutazama ukuta. Kisha akaenda mlangoni, akapiga magoti.

"Mzee. Ni mimi."

"Nilidhani umeenda."

"Ningekuacha aje?"

Halafu kwenye mwanya wa chini vikatokea vidole vya mzee, vikisukuma rota.

"Shika. Wahi Lugulu, kijana yangu. Mimi hapa nimefika."

Ilikuwa bado na joto la mfuko wake. Makokha aliifumbata. Sasa gari lingewaka papo hapo. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Ngige, na Ngige alikuwa ameacha kupiga mayowe.

Watu walianza kugeuka. Makokha aliketi chini, mgongo umeegemea mlango, ili Mzee asikie kwamba yupo. Alimfikiria Rispah akifumbua macho jioni ile na kugeuza kichwa kutazama kando ya kitanda. Yule mama alikuwa mbele ya wote, kitambaa kimemtoka kichwani, akija bila haraka.