Mti Uliokataa Kuanguka

Sogeeni karibu, watoto. Huyu ni Nakiete. Ana miaka saba, na sauti kubwa kuliko miaka yake.

Shule ya Nakiete iko mlimani. Juu ya shule kuna msitu. Shwaa, shwaa, unavuma asubuhi. Msituni kuna chemchemi, na maji ya shule nzima yanatoka hapo.

Wiki nzima Mwalimu Kirumbi aliwafundisha habari za msitu.

"Mti haukatwi ovyo," alisema. "Unapimwa kwanza. Zungusha kamba kwenye shina. Kamba ikizunguka mara mbili, mti huo ni mchanga. Uache ukue. Na mti ulio kwenye chemchemi je?"

"Haukatwiii!" darasa likajibu. Nakiete alijibu kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya wazazi ikakaribia. Watoto wataigiza kazi za msituni!

Nakiete akanyoosha mkono. Akaunyoosha mpaka bega likauma. "Mimi, mwalimu! Niwe bwana misitu! Ninajua kupima!"

Mwalimu akatazama huku. Akatazama kule. "Mbonea," akasema, "wewe ndiye bwana misitu." Akamvika kofia ya kijani.

Sekiete akawa askari wa wanyamapori. Akapewa filimbi. Kiangi akawa daktari wa wanyama. Akapewa koti jeupe. Elinami akawa mkata miti. Akapewa shoka la boksi.

"Na sisi je?" wasichana wakauliza.

"Nyinyi ni miti."

Nakiete akapewa majani.

"Mwalimu, mti unafanya kazi gani?"

"Mti hausemi, Nakiete. Mti unasimama tu."

Nje, Mbonea akapita na kofia yake. "We mti, nipishe!"

"Mti haupishi mtu," Nakiete akamjibu. "Zunguka."

Siku ya wazazi ikafika. Wasichana wakasimama mikono juu, majani kichwani. Nakiete alikuwa mti mdogo kuliko yote. Miguuni pake paliwekwa beseni la maji. Beseni ndilo chemchemi.

Sekiete akapuliza filimbi. Piii! Wazazi wakapiga makofi. Kiangi akamtibu tumbili wa matambara. Wazazi wakapiga makofi.

Miti haikupigiwa makofi. Mikono iliwauma. Nzi akatua puani kwa Nakiete. Akatembea. Akakaa.

Mti hausemi. Mti unasimama tu.

Sasa akaingia bwana misitu. Kofia ilikuwa kubwa. Ikamshuka mpaka puani. Mbonea akaja akipapasa, akipapasa, puu! Akamgonga Nakiete.

"Huu hapa!" akasema Mbonea. "Elinami, kata!"

Nakiete akangoja kamba. Kamba haikuja. Lilikuja shoka.

"Ko! Ko! Ko!" Elinami akakata kwa mdomo. Kisha akanong'ona, "Anguka."

Nakiete akatazama beseni.

"Sianguki."

"Mwalimu amesema uanguke!"

"Mwalimu amesema mpime!"

"Mti hausemi!" Mbonea akafoka ndani ya kofia.

"Na bwana misitu hakati bila kupima! Kamba iko wapi?"

Mbonea akajishika kiunoni. Kamba ilikuwa imefunga kaptula yake. Wazazi wakaangua kicheko.

Mwalimu akachungulia kutoka nyuma ya pazia. "Nakiete! Anguka sasa hivi!"

"Sianguki!"

Mti wa pili ukapumua. Huyo alikuwa Namangi, mpole, asiyesema hata akikanyagwa. "Na mimi sianguki," akasema.

"Na mimi!"

"Wala mimi!"

Elinami akatupa shoka. "Mwalimuuu! Msitu umegoma!"

Bibi mmoja wa benchi la mbele akagonga fimbo yake. "Si mpime basi, wajukuu zangu? Tunangoja."

Mbonea akavua kofia. Jasho lilimtiririka. "Chukua wewe," akamwambia Nakiete. "Mimi humu sioni kitu." Akampa na kamba. Akashika kaptula kwa mikono miwili.

Nakiete akavaa kofia. Akaisukuma nyuma ili aone. Akamzungushia Namangi kamba. Mara moja. Mara mbili.

"Huu mchanga," akasema. "Uache ukue."

Akaenda mti wa tatu. Mara moja. Mara mbili.

"Huu nao mchanga. Uache ukue."

Akarudi penye beseni. "Na mti wa hapa, kwenye chemchemi?"

"Haukatwiii!" wakajibu wote, miti na wazazi.

"Sasa mimi nikate nini?" Elinami akauliza.

"Wewe kaa kivulini."

Elinami akakaa. Pa, pa, pa! Safari hii wazazi waliipigia miti makofi.

Mwalimu Kirumbi hakupiga makofi. Aliichukua kofia kichwani kwa Nakiete. Akaifungia kabatini. Kacha! Hakusema hongera. Hakusema hata pole kwa mikono iliyouma.

Jioni Nakiete alikaa kitandani. Mama akamtoa majani nyweleni, moja moja.

"Mwalimu amesemaje?"

"Amesema nimeharibu igizo. Amesema mwakani nitakuwa jiwe."

"Jiwe?"

"Eti jiwe halisemi."

Mama akavunja jani vidoleni, krii. "Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwuliza, jiwe lenyewe liko wapi? Maana kama liko kwenye chemchemi, nalo haling'olewi."

Mama akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Nakiete naye akacheka, ingawa mabega yalikuwa bado yanamuuma.

"Haya, lala, Bibi Misitu wangu."

Huko juu msitu ukavuma. Shwaa, shwaa.

Nakiete akalala. Hakuangushwa na mtu. Alilala mwenyewe.